Bi Nantende Hajazikwa

Nitasema mapema tusije tukalaumiana: mimi nina hasira za karibu, na watu watatu ninaocheza nao kila Jumapili wanazijua na wanazichokoza kwa makusudi. Kwa hiyo ukisikia niliwafokea watu wazima kwa sababu ya mto ambao haupo duniani, usishangae. Walinitafuta, wakanipata.

Mto wenyewe unaitwa Lihungu. Upo kwenye nchi niliyoitengeneza na marehemu Somoe, tukaichora nyuma ya bango la turubai lililokuwa tangazo la sabuni, na hadi leo limetandikwa chumba cha nyuma cha duka langu la kutoa kopi, hapa Mtwara mjini. Mchezo tuliupata kwa Mzungu mmoja, mhandisi wa gesi, aliyeniletea kitabu kinene nimtolee kopi. Nikatoa mbili, moja yake na moja yangu. Somoe alikuwa ananisaidia dukani wakati huo. Alikisoma amesimama pale pale kwenye mashine, akaniambia, “Hashimu, hii si karata wala bao. Hapa watu wanakaa wanasimuliana hadithi, na kete ndiyo inayoamua nani kaumia.”

Na kweli ndivyo ulivyo. Mmoja anatengeneza nchi, wengine kila mtu anajifanya mtu wa nchi hiyo, mpiganaji, mchawi, mwizi, apendavyo. Wanasema wanachofanya, kete inarushwa, mwenye nchi anawaambia kimetokea nini. Wapo wanaotengeneza nchi ya njia moja, ukitoka hapa lazima uende pale. Sisi hatukutaka hivyo. Tulitaka nchi iliyo wazi kama hii tunayoishi: huku milima, huku mikoko, huku wafalme wawili wanagombea kisima, na wewe nenda unakotaka, hata ukitaka kulala, lala. Nikisema tunaumba nchi, Shafii, mmoja wa wachezaji, alikuwa ananikatiza, “Sema tunatengeneza, bwana. Kuumba mwachie Mwenyewe.”

Kazi tuligawana. Ramani zangu, majoka yangu, vita vyangu. Watu walikuwa wa Somoe. Kila aliyefungua mdomo kwenye nchi ile, sauti yake ilitoka kwa Somoe, na mkubwa wao wote alikuwa Bi Nantende, bibi mwenye mtumbwi pale Lihungu inapoingia baharini. Bila yeye huvuki. Alikuwa anavuta ugoro, anakosea majina ya watu kwa kusudi, na ukimkera anakushusha kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, anakuambia usubiri maji yajae, ujifunze adabu. Shafii alishashushwa pale mara nyingi, na alikuwa anapenda.

Somoe alikuwa na ugonjwa wa selimundu tangu utotoni. Mwaka jana, baada ya Idi, maumivu yalimzidi, wakampeleka Dar es Salaam. Akafia huko, na wakamzika huko huko siku ile ile, kwa mjomba wake. Sisi huku tulipigiwa simu kaburi limeshafukiwa. Tulichopata ni hitima nyumbani kwao Mikindani. Wanawake waliingia ndani, mimi na Shafii tukakaa nje kwenye mkeka, tukasoma, tukala pilau. Wenye msiba walipewa pole zao. Mimi sikuwa mume, sikuwa mchumba, sikuwa ndugu. Nilikuwa mtu wa dukani. Mzee mmoja aliniuliza kama mimi ndiye dereva wa ile Noah iliyoleta watu.

Tukaacha kucheza kwa miezi. Halafu nikasema hapana, nikawaita tena. Ng'ambo ya Lihungu kuna mji unaitwa Chumvini, ambao mimi na Somoe tuliukalia kazi muda mrefu kuliko kitu chochote kwenye turubai lile, na hakuna mchezaji aliyewahi kuutia mguu. Somoe alikuwa anasema, “Siku wakifika Chumvini, watalia hawa.” Mimi nilitaka wafike, basi. Wasipofika, nilijua kitakachotokea: Jumapili moja atakosekana huyu, nyingine yule, na kazi yote ya Somoe itabaki kuwa bango la sabuni.

Sasa ngoja nikuambie walichonifanyia.

Sabina kwanza. Huyu kazi yake halisi ni miche ya mikorosho kule Naliendele. Kwenye mchezo ni shujaa mwenye upanga unaowaka moto, hana mpinzani. Akaja, akauweka upanga chini, akamwomba mfalme shamba.

“La nini?” nikamuuliza.

“Nipande mikorosho.”

“Dada Sabina, nchi hii haina mikorosho.”

“Ulisema nchi iko wazi. Mbegu nimekuja nazo.”

Jumapili iliyofuata akaniuliza kama kwenye nchi yangu kuna ubwiriunga, ule ukungu unaoua maua ya mkorosho, kwa sababu kama upo inabidi atafute salfa kabla maua hayajatoka. Nilimwambia upo, tena mkali, nikarusha kete kwa hasira ili nimuangamizie shamba. Ikatoka ishirini, namba ya juu kabisa, ya bahati kwa mchezaji. Mikorosho ikazaa hadi matawi yakainama, na yeye akatabasamu kama mtu aliyepandishwa cheo.

Shafii ni dereva wa bajaji. Kwenye mchezo ni mchawi anayeruka angani. Akaacha kuruka. Akatafuta punda na mkokoteni, akawa anabeba abiria kutoka sokoni hadi kwa mfalme na kugombana nao njiani.

“Yaani wewe unatoka kazini unakuja kufanya kazi ile ile?”

“Huku hakuna trafiki,” akasema.

Na Mwanahawa. Mwanahawa ni msusi, mkubwa kwetu sote kwa umri na kwa mdomo. Alikuwa jasusi hatari kabisa, mtu wa sumu na visu. Sasa alikuwa anashinda kibarazani kwa malkia anamsuka, wanapiga soga. Mimi ndiye nilikuwa malkia katika soga hizo, na nilikuwa sina la kusema, kwa hiyo nilikuwa naitikia tu, eeh, eeh, kwa zaidi ya saa nzima.

Nilijaribu kila kitu. Nikawaletea majambazi, wakawapa vibarua vya kuokota korosho. Nikaleta ukame, wakachimba kisima, na wale wafalme wawili niliokuwa nimewagombanisha kwa ustadi mkubwa wakapatana kwa sababu maji yalikuwa yanatosha. Nikaleta tetesi za hazina ng'ambo ya mto, inayolindwa na joka la chumvi. Sabina akasema hazina ni ardhi. Kila nikitaja Lihungu, watatu hawa walikuwa wanatazamana, kisha mmoja anakumbuka kwamba punda hajala.

Niliona wanavyotazamana, mimi si mjinga. Ila nilidhani ni dharau. Nilidhani wanakuja kunywa chai yangu na kupoteza mchana. Nilikuwa nikifunga duka jioni na kifua kimejaa, nazungumza peke yangu njia nzima, watu wananipisha.

Nikajenga daraja. Nilichukua kalamu nikachora daraja la mawe juu ya Lihungu, pana, zuri, lenye kingo. Jumapili ilipofika Shafii akaliinamia kwa muda.

“Nani kalijenga?”

“Mfalme.”

“Lini?”

“Sasa hivi. Jana. Unataka risiti?”

“Daraja la jana punda wangu halipiti.”

Nikamtazama Mwanahawa, akatazama kucha zake. Sabina ndiye aliyesema, kwa upole ambao uliniudhi kuliko kejeli ya Shafii, “Kaka Hashimu, hilo lifute.” Nikalifuta kwa kitambaa na spiriti, nikisugua hadi turubai likatoa rangi. Nikawaambia leo mchezo umekwisha, waende makwao, na chai wasimalize.

Wiki nzima nililiwaza jambo hilo huku natoa kopi za vyeti vya watu. Nikafikia uamuzi kwamba tatizo ni bibi. Wanaogopa wakifika mtoni nitajitia kumwigiza Bi Nantende, na wako sahihi, kwa sababu nilishajaribu peke yangu dukani na nilichotoa ilikuwa kama mbuzi mwenye mafua. Basi atoke bibi. Niweke mtu mwingine, mgeni, asiyemkumbusha mtu yeyote. Nikamtengeneza kijana hodari mwenye jahazi jipya. Nilimpa jina, nikampa kaka zake, nikampa hadi kovu la shavuni.

Jumapili nikangoja wakae. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetangaza kwamba umeme utakatika, “Habari zimefika kutoka mtoni. Bi Nantende amefariki. Sasa kuna kijana anavusha watu asubuhi na alasiri. Mnafanya nini?”

Shafii akaweka kikombe chini. “Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun,” akasema, na Sabina akafanya ishara ya msalaba.

“Amefariki lini?” Mwanahawa akauliza.

“Juzi.”

“Amezikwa?”

Nilikuwa nimepanga kijana, jahazi, upepo, hadi rangi ya tanga. Mazishi sikuwa nimepanga. Mtu wa kwingine labda angesema ndiyo kazikwa, tuendelee. Mimi nimezaliwa hapa, nimelelewa hapa, nilipaswa kukumbuka kumzika kwanza ndipo nitangaze. Sikukumbuka.

“Sijui,” nikasema.

“Hujui?” Mwanahawa akanigeukia mzima mzima. “Unatangaza kifo cha mtu na hujui kama kazikwa?”

“Hajazikwa, basi. Haya. Kijana anawasubiri na jahazi, mnafanya nini?”

“Asubiri. Sisi tunakwenda msibani.”

Wallahi, miezi yote ile joka halikuwasogeza, hazina haikuwasogeza, ukame haukuwasogeza. Msiba uliwafikisha Lihungu mara moja. Sabina akafunga shamba, akabeba unga wa muhogo na kuni. Shafii akasema mkokoteni wake leo unabeba waombolezaji bure, akakusanya kijiji kizima, na mimi nikalazimika kuwataja mmoja mmoja. Walipofika mtoni nikawaonyesha kijana wangu, mwenye kovu, amesimama na jahazi lake. Shafii akampa jembe akachimbe kaburi.

Yakaanza maswali. Nani anamwosha? Sanda ipo? Bi Nantende alikuwa dini gani? Hilo wakabishana wao kwa wao, Sabina anadai alimsikia akimtaja mtakatifu, Shafii anasema bibi yule alikuwa haapi ila kwa Mtume. Kaburi liwe wapi? Sabina akasema lisiwe karibu na mikoko, maji yakijaa yatalifikia, tupande juu kidogo. Wakarusha kete kuona kama udongo ni laini.

“Nimewatengenezea joka la chumvi,” nikasema, “lenye vichwa, lenye lugha yake, nimelikalia mwaka mzima, na nyinyi mnaniuliza sanda?”

“Joka lina haraka gani?” Shafii akasema. “Maiti ndiye anayesubiri.”

Wakapata sanda. Wakaswali, na Sabina akasali kwa upande wake. Nikaona afadhali, sasa wafukie, wapande jahazi, tuvuke, yaishe. Nikasema, “Mwili unateremshwa kaburini.”

“Simamisheni hapo hapo,” Mwanahawa akasema, akasimama. Akaifungua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni. “Hazikwi mtu. Mimi mtani wake sijaja.”

Kwa asiyejua: Wangoni na Wayao ni watani. Walipigana vita zamani huko, vita vikaisha, yakabaki matusi ya kuchekesha. Na mmoja akifa, mtani ana haki yake msibani. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anamsema maovu yake mbele ya maiti, hata anaingia kaburini analala, na hatoki mpaka apewe chake. Unaona watu waliokuwa hawajala tangu jana wanacheka huku machozi yanawatoka. Siku hizi wengine wanakataza, wanasema si adabu. Baba yake Mwanahawa ni Mngoni wa Songea, na Somoe alikuwa Myao. Miaka yote ya mchezo walikuwa wanatukanana hapa chumbani, anayetaka kuwatenganisha atachoka. Somoe alipozikwa Dar, haki ya Mwanahawa ilizikwa naye.

“Bi Nantende si Myao,” nikasema. “Hana kabila. Yupo kwenye turubai.”

“Wewe nyamaza.”

Akavua viatu. Akapanda juu ya ramani yangu, mwanamke mzima na mwili wake, akalala chali mlangoni mwa mto Lihungu, kikombe cha kete kikapinduka. Akafumba macho. Kisha ikatoka sauti, na haikuwa sauti ya Bi Nantende. Ilikuwa sauti ya Somoe akiwa Bi Nantende, pamoja na kile kikohozi chake kidogo, na pale katikati ya maneno alipokuwa akisimama kutafuta pumzi na kujifanya anawaza.

“Wewe kijana. Jina lako nani vile. Shabani? Shaibu? Yote mamoja. Shuka kwenye mtumbwi wangu.”

Shafii akacheka hadi akashika ukuta. Sabina akaziba mdomo. Hata mimi kicheko kilinitoka, na nilikuwa nimekasirika.

“Mwoneni maiti huyu,” Mwanahawa akaendelea, sasa kwa sauti yake mwenyewe, macho bado kayafumba. “Mwizi. Anakula maandazi ya watu, anasingizia panya. Mvivu. Ukimwambia afagie, anasukuma vumbi chini ya mashine ya kopi. Mwenye kiburi. Anaumwa hawezi hata kusimama, anashika goti lake vile, ukimtazama anakuuliza unaangalia nini, hujaona goti? Mwongo mkubwa huyu. Alituaga anakwenda Dar wiki moja.”

Kicheko kilikatika. Nilisikia bodaboda inapita nje, na mtu anagonga dirisha la mbele kutaka kopi, akagonga wee, akaenda zake.

“Inatosha,” nikasema. “Amka hapo.”

Hakuamka.

“Nimesema amka. Mmenikalia miezi yote, mnapanda mikorosho, mnafuga punda, mnasuka malkia. Nawaomba mvuke mto mmoja tu hamtaki. Kumbe mnasubiri mje mnifanyie mzaha na Somoe?”

Jina lile sikuwa nimelitaja ndani ya chumba kile tangu afe. Nililisikia likitoka, nikatamani nilirudishe.

“Siamki mpaka nipewe changu,” Mwanahawa akasema pale chini. Hakusema kwa ukali.

“Unataka nini?”

“Mfiwa hapa ni nani?”

Shafii akanielekezea kidevu. Nikamtazama Sabina, naye alikuwa ananitazama mimi.

“Kilio huanza mfiwa, Hashimu, ndipo wa mbali wakaingia,” Mwanahawa akasema. “Sisi ndio wa mbali. Tumekaa hapa tunakusubiri uanze. Kila Jumapili unakuja na joka. Unakuja na daraja. Tungevukaje sisi, mdogo wangu, tukuache hapa na nani?”

“Mimi nilikuwa natafuta la kufanya na mikono,” Sabina akasema. “Ndiyo nikapanda.”

Nilitaka kubisha. Maneno nilikuwa nayo: mfiwa ni mama yake, mfiwa ni mjomba wake wa Dar, wao ndio waliopewa pole, wao ndio waliokaa ndani. Nikafungua mdomo nikasema, “Mimi nilikuwa mtu wa dukani tu,” na sikuweza kumaliza. Nililia. Nililia vibaya, kwa kelele, mimi mwanaume mwenye duka langu, nimeegemea rafu ya karatasi, na nilipodhani nimemaliza nikaanza tena. Nilikuwa nampenda. Sikumwambia yeye, sikumwambia mtu, na watu watatu wale walikuwa wanajua siku zote.

Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Niliposimama vizuri Sabina alikuja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Pole kwa msiba, kaka.” Shafii akaja nyuma yake, naye akanishika. “Pole, ndugu yangu. Allah amrehemu.”

Mwanahawa alikuwa bado amelala kwenye turubai. Akaninyooshea mkono kutoka pale chini.

“Pole, Hashimu.”

Mtu akikupa pole unatakiwa umjibu kwamba umeshapoa. Nikamwambia bado, nikamshika mkono.